Mwanya wangu, waya zako

Mwanangu,

Marahaba. Picha uliyonitumia nimeiona, nikavaa miwani nikaiangalia tena. Kweli gego lako la chini limelalia mbele kama abiria aliyesinzia begani kwa jirani. Na unasema Jumatatu unafungwa waya, umeshatoa na kianzio. Nakuomba uahirishe. Sikukatazi waya, nakukataza hiyo Jumatatu.

Kilichonishtua si gego. Ni lile neno ulilolipitisha juu juu, kwamba ukipiga mswaki unatema damu, "kidogo tu, kawaida." Si kawaida, mama. Nami nilisema hivyo hivyo miaka mingi, nasukutua maji ya chumvi, nalala.

Mwanya wangu unaujua. Bibi yako alikuwa akiniambia nicheke wageni wauone, na baba yako mpaka leo anadai ndio uliomvuta kwetu. Basi nilipopita miaka arobaini ukaanza kupanuka, na watu wakazidi kunisifu! Meno ya mbele yanasogea nje, mimi nachekelea. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa fizi: mfupa unaoshika meno unaliwa chini kwa chini, na meno yaliyokosa mshiko yanatafuta pa kwenda.

Nikaenda mahali, sitapataja, nikafungwa waya siku ile ile. Hakuna aliyenipima fizi. Haikupita miezi mitatu jino moja likawa linacheza. Nikiuma chapati nalisikia linainama.

Daktari wa pili alizifungua zote. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, mara sita kwa kila jino, anataja namba na muuguzi anaandika. 2, 3, 2. Halafu nikasikia 6. Nikasikia 7. Ufizi wenye afya kina chake huwa milimita 1 hadi 3, na hautoi damu ukiguswa. Nilikuwa nimelala pale na mdomo wazi, siwezi hata kuuliza, nasikia namba zangu zinasomwa kama matokeo ya mtihani.

Alinieleza kwamba jino halikupigiliwa mfupani kama msumari, limeshikwa na nyuzi ndogondogo. Waya ikilisukuma, mfupa wa kule linakoelekea unaliwa taratibu, na wa kule linakotoka unajengwa. Ndivyo linavyohama. Lakini fizi zikiwa zimevimba na ukoga umejazana, ulaji unaushinda ujenzi. Kwa hiyo nililipa pesa zangu kuyalegeza meno yangu.

Nikakwanguliwa ugaga, ule ukoga uliogandamana ukawa mgumu, mpaka kwenye mizizi, kwa sindano ya ganzi, leo upande huu, wiki ijayo ule. Nikapimwa na sukari, maana sukari ikipanda fizi hazitulii. Ya ukoo wa baba yako unayajua, nawe kapime. Kisha miezi ya kungoja, namba zikasomwa upya. Ziliposhuka na damu ikakata ndipo nikafungwa waya tena, safari hii za kuvuta polepole, kwa kuwa jino lenye mfupa mchache huinama upesi. Na kila miezi mitatu nasafishwa.

Sasa pengo lako. Lile gego uling'olewa ukiwa darasa la sita, na mimi ndiye niliyesema la nyuma halionekani, tuache. Naliona leo kwenye picha. Jino la nyuma yake limelalia pengo, la juu nalo linateremka kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye, na pale penye mlalo chakula kinajificha mswaki usikofika. Ndiyo maana nadhani damu yako inaanzia hapo, ingawa mimi si daktari.

Muulize huyo daktari wako: analisimamisha gego lililolala ili kubaki nafasi ya jino jipya, au anaziba pengo kwa kuyasogeza? Na kama ni jino la kupandikiza, lije baada ya waya. Lile ni skrubu ya titani, mfupa unaikumbatia moja kwa moja bila zile nyuzi, haisogezeki tena. Wapo wanaopandikizwa kwanza makusudi, liwe mhimili wa kuyavutia mengine, ila hiyo ni hesabu ya mtaalamu, si ya haraka ya Jumatatu.

Mimi mwanya wangu ulirudi karibu na ule bibi yako aliousifia. Daktari alitaka kuufunga kabisa, nikakataa, akacheka. Kati ya meno mengine yamebaki matundu meusi ya pembetatu, nyama iliyoondoka haikurudi. Na nyuma ya meno ya mbele umegandishwa waya mwembamba, huo nitakuwa nao maisha, maana bila huo yatahama tena. Mchicha unanasa humo kila siku ya Mungu.

Kwa basi la kesho nakuletea vile vijiswaki vidogo vya kupitisha katikati ya meno. Vimo kwenye mfuko wa kaki, chini ya machungwa ya Muheza. Ukishapimwa fizi nitumie namba zote, hata zikiwa mbaya. Na machungwa ya juu anza nayo, yameiva sana, hayafiki Ijumaa.

Mama yako