YAH: MALALAMIKO KUHUSU KADI YA MKOPO YA "ASILIMIA 1.5 KWA KILA MANUNUZI" NA JINSI NILIVYOTENDEWA KAUNTA TAREHE 14 JULAI 2025

Forest Mpya,
Mbeya.
21 Julai 2025

Meneja wa Tawi,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hii.

Sitakueleza kadi hiyo ni ipi wala masharti yake yanasemaje, kwa kuwa masharti mliyatunga wenyewe, mkayachapa wenyewe, na bango lake, linaloahidi kumrudishia mteja asilimia 1.5 ya kila manunuzi, lingali limening'inia juu ya mlango wenu hadi leo asubuhi nilipopita. Naandika kwa heshima, na naomba heshima hiyo isichukuliwe kwamba nimepoa, maana tangu Jumatatu ya wiki iliyopita sijapoa.

Mimi si mtu wa kurubuniwa na bango. Nimefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka 34, na kabla sijatia saini fomu yenu mwaka jana nilikaa mezani na kalamu. Ada ya mwaka ni shilingi 80,000, ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuwa shilingi 94,400. Ili ada hiyo irudi kwa kiwango cha asilimia 1.5, ni lazima nifanye manunuzi ya takriban shilingi 6,293,000 kwa mwaka. Chini ya hapo nawafanyia ninyi kazi, juu ya hapo naanza kupata changu. Nyumba yangu ya wageni, ndogo ilivyo, inatumia zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho kwa dizeli, sabuni, shuka na magodoro. Nikaona kadi inanifaa, tena inanifaa kwa sababu ile ile mliyoitangaza: kiwango ni kimoja, hakuna kuchagua duka, hakuna kukumbuka kwamba mwezi huu ni mafuta na mwezi ujao ni chakula. Mtu mzima mwenye shughuli nyingi anataka kadi isiyomtaka akariri.

Nami nilitimiza upande wangu. Sikuwahi kubakiza deni hata mwezi mmoja, kwa kuwa riba yenu ya asilimia 3 kwa mwezi inameza rejesho la manunuzi yale yale mara mbili kabla mwezi wa pili haujaanza, na mtu anayebakiza deni kwenye kadi ya namna hii huku akifurahia kurudishiwa asilimia moja na nusu anajicheka mwenyewe. Sikuitumia kutolea fedha taslimu kwenye mashine. Wenye maduka waliotaka kuniongezea asilimia 3 kwa sababu nalipa kwa kadi niliwaaga nikaenda duka la mbele, kwa miguu, hata kwenye tope la Machi. (Ile riba ya shilingi 11,400 mliyonitoza Aprili kwa sababu malipo yangu yalilala kwenye mitambo yenu wakati wa sikukuu ya Muungano siisemi hapa, ingawa sijaisahau.)

Kwa mwaka wa kadi ulioisha tarehe 30 Juni 2025 nilifanya manunuzi ya shilingi 14,600,000. Asilimia 1.5 ya kiasi hicho ni shilingi 219,000. Mtoto wa darasa la sita anaipata. Ninyi mliandika shilingi 61,500, kwa kuwa mlitoa manunuzi ya shilingi 10,500,000 kwenye hesabu.

Nilikuja kuulizia tofauti hiyo, na hapo ndipo yalipotokea yaliyonifanya niandike. Tarehe 14 Julai, saa nne na robo asubuhi, baada ya kungoja foleni dakika hamsini, nilifika dawati la kadi nikiwa na risiti zangu za mwaka mzima ndani ya bahasha ya kaki, zimepangwa kwa mwezi na kubanwa kwa klipu. Kijana wenu hakunikaribisha kiti. Alichomoa risiti tatu nne, akaziinua kwenye taa, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Mama, haya makaratasi meupe unatuletea ya nini?" Nikamwomba azigeuze, kwa sababu risiti za mashine hufifia baada ya miezi michache, na nyuma ya kila moja nimeandika kwa kalamu ya wino tarehe, duka na kiasi. Hakugeuza hata moja. Alizisukuma zote kwa ukingo wa mkono, kama mtu anayefuta makombo mezani, zikamwagika sakafuni upande wangu wa kaunta, naye akaita, "Anayefuata!"

Nilipiga magoti nikaokota. Nina umri wa miaka 63, Ndugu Meneja, na akaunti yangu kwenu ilifunguliwa mwaka 1998.

Ili usiseme kwamba nilikuja kwa pupa, naomba nirudi nyuma. Tarehe 19 Mei nilifika dawati lile lile, kwa dada mmoja mpole ambaye sina ugomvi naye, nikaomba rejesho langu liingizwe kwenye akaunti. Akaniambia halitolewi mpaka lifike shilingi 75,000, na kwamba la busara ni kusubiri mwaka wa kadi uishe ndipo nije na hesabu yote kwa pamoja. Nilisubiri. Tarehe 17 Juni nilipiga simu huduma kwa wateja, nikarudiwa maneno yayo hayo. Nilipokuja Julai, kijana aliniambia, kabla hajagusa bahasha, kwamba mwaka umekwisha na rejesho ambalo halijafika shilingi 75,000 limefutwa. Mei ni mapema, Julai nimechelewa. Naomba unitajie siku ambayo ingekuwa yenyewe, nami nitakuja hata usiku.

Sasa kuhusu hizo shilingi 10,500,000 mlizozitoa kwenye hesabu. Nimeambiwa dizeli ya shilingi 3,900,000 haihesabiki kwa kuwa ni mafuta. Nimeambiwa shilingi 1,200,000 nilizolipa kwa matangazo ya mtandaoni hazihesabiki kwa kuwa zilikatwa kwa dola, ingawa makato yenu ya kubadilisha dola hizo yalihesabika vizuri sana. Na nimeambiwa shilingi 5,400,000 za duka moja la Mwanjelwa, ninaponunua shuka, sabuni na magodoro, hazihesabiki kwa kuwa duka hilo "kwenye mfumo" ni la jumla, na manunuzi ya jumla ni ya kibiashara. Neno "kila", lililoandikwa kwenye bango kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, halijawahi katika Kiswahili nilichofundisha kumaanisha "baadhi".

Hili la Mwanjelwa naomba ulisome taratibu, maana hapo hasira yangu ina hoja. Kila mashine ya kuchanjia kadi dukani ina namba ya tarakimu nne inayoeleza biashara ile ni ya aina gani; vituo vya mafuta, kwa mfano, hutambulika kwa 5541. Namba hiyo haichaguliwi na mteja. Huandikwa na benki iliyompa mwenye duka mashine. Nilikwenda dukani kwa yule mama, nikamwomba tuiangalie mashine yake. Ni yenu. Nembo yenu iko juu ya kioo, jina lenu linatoka juu ya kila karatasi inayochapwa, na tawi lililomfungia ni hili hili lako. Yeye anauza shuka moja moja na sabuni mche mmoja mmoja kwa yeyote anayeingia, wala hajui kwamba kwenu ameandikwa muuzaji wa jumla. Aliponiuliza kama ataongezewa kodi nilikosa la kumjibu. Kwa hiyo ninyi ndio mliompachika mwenye duka jina, kisha mkalitumia jina hilo kuninyima mimi haki yangu, na mlipoulizwa mkasema ni mfumo. Mfumo hauna mikono, Ndugu Meneja. Kuna mtu alikaa akaijaza ile fomu.

Mimi ni mwanachama wa kikoba, na kwetu neno "marejesho" maana yake ni fedha ambayo mkopaji anairudisha kwa kikundi. Nilipoona neno hilo kwenye kipeperushi chenu nilidhani mmekosea kulitumia. Baada ya kutoa ada 94,400 na kuona 61,500 zikifutwa, naona mlilitumia sawasawa.

Nimesema kwamba nilipiga magoti, nikapita haraka, kwa sababu kulisema kunanitia aibu. Lakini nalirudia, kwa kuwa najua mkisoma barua hii mtalipita kama kijana wenu alivyonipita. Risiti zilipomwagika, foleni yote ilinyamaza. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali na nilikuwa nimevaa koti zito, kwa hiyo kuinama hakukuwa kwepesi. Nilishika ukingo wa kaunta yenu kwa mkono mmoja ndipo nikashuka. Risiti moja iliingia chini ya kiatu cha bwana aliyekuwa nyuma yangu, naye, maskini, hakujua ainue mguu au asiinue, maana tayari alikuwa ameitwa "Anayefuata" na mimi bado nimo miguuni pake. Kijana wenu alimwambia apite pembeni yangu. Pembeni yangu, kama mtu anavyoambiwa apite pembeni ya ndoo ya mfanya usafi. Aliyekuja kunisaidia ni mlinzi wa mlangoni. Aliegemeza rungu lake ukutani, akachuchumaa, akaniambia, "Simama, Mwalimu, nitaokota mimi." Nilimfundisha darasa la nne. Katika jengo zima lenye watu waliosomea huduma kwa wateja, aliyejua la kufanya ni yeye, na naomba barua hii isije ikawa sababu ya kuulizwa kwa nini aliacha lindo lake.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na dai moja tu: mnilipe shilingi 219,000 kamili, yaani 61,500 mlizofuta na 157,500 mlizoninyima. Sasa nimefika ukurasa wa tatu na naona dai hilo ni dogo. Nataka pia ada ya mwaka huu wa pili, ambayo mmekwisha kuikata tarehe 1 Julai bila kuniuliza kama naendelea, irudishwe pamoja na kodi yake, na kadi ifungwe kwa maandishi yanayoonyesha kwamba sidaiwi hata senti. Nataka namba ya yule mama wa Mwanjelwa irekebishwe, kwa sababu sijipiganii mimi peke yangu. Kila anayenunua kwake kwa kadi kama hii anapunjwa vivyo hivyo. Na nataka barua ya kuomba radhi yenye saini yako, isiyo na maneno "usumbufu wowote uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza, ulisukumwa kwa mkono.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita, nakala pamoja na viambatisho vyote zitakwenda Benki Kuu, tawi la Mbeya, ambao najua wana utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na ambao Kanuni zao za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha nimezisoma, tena kwa kalamu mkononi. Nakala nyingine itakwenda Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza tangazo linalomdanganya mlaji, na picha ya bango lenu ninayo, nimeipiga kutoka ng'ambo ya barabara, "kila" inaonekana vizuri.

Zaidi ya hapo, mashine yenu ya kuchanjia iliyopo mapokezi kwangu, ambayo mnakata kamisheni kwa kila mgeni anayelipa, nitaileta mwenyewe na kuiweka juu ya dawati lile lile. Pensheni yangu nitaihamisha. Kikoba chetu kina akina mama 28 na akaunti yake iko tawini kwako. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na nimeomba nafasi ya kusema. Nilikuwa nimekusudia kuwaambia kwamba nasubiri jibu lenu. Kama halijafika nitawaambia habari ya magoti.

Naomba jibu kwa maandishi. Simu kutoka huduma kwa wateja sitapokea, kwa sababu nimechoka kuulizwa tarehe yangu ya kuzaliwa na watu ambao hawatanisaidia.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini nalihitaji kuliko mengine yote kwa ajili ya hesabu zangu za TRA. Risiti nilizokuja nazo zilikuwa 212. Nilipofika nyumbani nilizihesabu mara mbili, zikawa 209. Tatu zimebaki kwenu, pengine chini ya kabati la vipeperushi lililo kushoto kwa dawati. Ni nyeupe upande wa mbele. Mwambie atakayeziokota azigeuze.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu na mmiliki wa nyumba ya wageni,
Forest Mpya, Mbeya.

Viambatisho: nakala za risiti 209 (mbele na nyuma), taarifa za kadi za miezi 12, picha ya bango.