Barua ya kufunga shule: chupa atakayorudi nayo mwanao

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Muheza, Tanga.

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA ZAWADI ZA SIKUKUU

Habari za kazi na malezi. Tunafunga shule Ijumaa hii saa sita mchana. Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha. Isome ukiwa naye, umetulia. Darasa la Nne walishafanya upimaji wao wa taifa, matokeo yakitoka tutawaita. Mengine ya taaluma walimu wa madarasa wameyaandika humo, kwa hiyo mimi nitasema la chupa.

Kila mtoto wa Darasa la Tatu hadi la Sita atarudi nyumbani na chupa ya kioo iliyovishwa kamba ya katani, ndani yake mna viungo vya chai. Huenda si yako. Kila mmoja amechagua mwenyewe wa kumpa. Wengi wameandika bibi, wengine mama mkubwa, na mmoja ameandika kijana wa bodaboda anayemleta shule kila asubuhi. Naomba sana usimbadilishie.

Mwaka jana niliruhusu watoto wapeane zawadi siku ya kufunga, nikiamini nawapa furaha. Asubuhi ile madawati kadhaa yalikuwa wazi. Nilipofuatilia nikakuta hakuna aliyekuwa mgonjwa. Hawakuwa na cha kuleta, wakaona bora wasije. Kosa lile lilikuwa langu, na limenikaa moyoni mwaka mzima. Kisha mwezi wa saba mtoto mmoja akakanyaga kipande cha chupa nyuma ya uwanja wa mpira, akashonwa. Tulipokwenda kusafisha tukaona ni chupa ngapi nzima zimetupwa pale. Ndipo walimu wakaja na wazo hili: kila mtoto aanze na kitu kilekile kisicho na bei.

Baadhi yenu mlikuja kuniuliza kama watoto watashika chupa za pombe. Mlifanya vizuri kuuliza. Hapana, hata zikiwa zimeoshwa. Zawadi hizi zinaingia nyumba za kila dini, kwa hiyo tulitumia chupa za asali, jemu, tomato sosi na juisi tu. Za soda tulizirudisha dukani, maana zile hujazwa tena na zina kreti zake.

Lebo zilitoka kwa kulowekwa usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu yenye magadi. Gundi iliyong'ang'ania tuliisugua kwa mafuta ya kupikia na majivu. Kuchemsha walifanya walimu: chupa ziliwekwa kwenye maji ya baridi, kitambaa kimetandikwa ndani ya sufuria chini ya chupa, moto ukaongezwa polepole, kwa kuwa kioo hupasuka joto linapobadilika ghafla. Baada ya hapo zikakaa siku mbili kichwa chini zikauke, kwani tone moja la maji likibaki mdalasini huota ukungu.

Kuvisha katani ndiko kulikochukua muda. Mkonge uko Tanga tangu mwaka 1893, lakini wengi wa watoto wetu hawakuwahi kutengeneza chochote kwa kamba yake. Kwanza tulibandika kwa uji wa ngano. Kesho yake tukakuta mende wameula. Tukanunua gundi nyeupe ya maseremala. Nilikaa karibu na binti mmoja wa Darasa la Tano nikimtazama. Alipaka gundi upana wa vidole viwili tu, akazungusha kamba kuanzia kitakoni, na kila mzunguko akausukuma kwa ukucha wa dole gumba mpaka ukabanana na wa chini yake. Alipofika begani, pale chupa inapopungua, kamba ikateleza. Akafumua mizunguko mitatu, akaanza upya bila kuambiwa na mtu. Shingoni akafunga utepe wa kitenge alioomba kwa fundi cherehani.

Iliki, mdalasini na pilipili manga vimetoka kwa wazazi wenye mashamba milimani Amani. Mungu awazidishie. Gundi na kamba tumenunua kwa fedha za mchicha wa bustani ya shule, hivyo hakuna mzazi anayedaiwa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Watoto wakubwa wameona kwenye simu watu wakikata chupa: uzi uliolowekwa mafuta ya taa unazungushwa, unawashwa moto, kisha chupa inatumbukizwa kwenye maji ya baridi. Msiwaruhusu kujaribu likizo hii. Chupa mara nyingi hukatika kombo, ukingo wake ni wembe, na kuusugua ukiwa mkavu kunatoa vumbi la kioo lisilofaa kuvutwa kifuani. Hapa shuleni hatukukata hata moja. Wala msiwashe mshumaa ndani ya chupa hizi, maana katani inashika moto upesi.

Kioo kina mafundi wake. Arusha kuna karakana ya Shanga, ambako watu wenye ulemavu huyeyusha chupa kuukuu kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, wakapuliza glasi na mitungi. Tuliwaonyesha watoto picha yao. Kijana wetu anayetembelea gongo aliomba abaki nayo, nikampa.

Tarehe ya kufungua shule mwezi Januari imeandikwa juu ya ripoti. Mtoto aje na sare kamili, fagio na jembe. Chupa zenye vifuniko mtakazomaliza sikukuu hizi msizitupe. Zioshe, zifunge kwenye gazeti, mzazi azilete mwenyewe, asimbebeshe mtoto. Tunataka za Idi tuanze mapema, na safari hii Darasa la Pili nao wameomba waingie.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu