Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa maji, mifupa na vijana

Ndugu wanachama, walimu, wazazi na vijana wetu, habari zenu. Naomba radhi taarifa imechelewa wiki mbili, nilikuwa nasubiri majibu ya maabara, sikutaka kuwaletea ahadi tena.

Niseme mapema, mwaka huu tumefanya mambo machache kuliko mwaka jana na mi naona tumefanya vizuri zaidi. Mwaka jana tulizunguka shule nyingi, vijana wakaonyesha kazi zao za ubunifu, wakapewa vyeti, tukapiga picha, basi. Januari nilipita shule moja nikaulizia ile ndoo ya kuchuja maji iliyotufurahisha wote, nikapelekwa stoo, nikaikuta chini ya madawati mabovu, koki imeshafunguliwa imefungwa kwingine. Niliumia jamani. Kijana aliyeitengeneza alishamaliza fomu foo karudi kwao na hakuna aliyemtafuta tena. Ndo maana kwenye kikao cha Februari tulikubaliana tuchukue kazi chache tukae nazo mpaka ziingie majumbani kwa watu.

Iliyotuchukulia muda mwingi ni ya kuondoa floraidi, yale madini yaliyomo kwenye maji yetu. Sisi wa Arusha na Meru hatuhitaji kuelezwa, mtu akicheka tu unajua kakulia wapi. Inatoka kwenye miamba ya volkano inaingia visimani na kwenye chemchemi zetu, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na maji ya sehemu nyingi huku yanapita hapo mbali sana. Meno ya kahawia ndo mwanzo, ikizidi hata mifupa inapinda. Na bado kuna kina mama wanachemsha maji wakijua wameiondoa, kumbe maji yanapungua sufuriani floraidi inabaki vilevile, yaani inazidi kukolea. Magadi tunayotia kwenye makande nayo yanaongeza.

Wasichana watatu wa kidato cha tatu waliamua kuinasa floraidi kwa kuchuja maji kwenye mkaa wa mifupa. Njia yenyewe sio ngeni, pale Ngurdoto imefanyiwa utafiti miaka mingi. Wanaomba mifupa ya ng'ombe buchani, wanaichemsha mafuta yatoke, wanaianika, halafu wanaichoma kwenye pipa lililozibwa udongo ili hewa isipite ovyo. Nilishinda nao Jumamosi moja nikaona kazi ilivyo. Pipa la kwanza walilifungua mapema, mifupa ikatoka ya kahawia na maji yakanuka. La pili lilipasuka udongo, hewa ikaingia, mifupa ikawa myeupe kama chaki, na ikishakuwa hivyo hainasi floraidi vizuri. La tatu ikatoka nyeusi, mmoja wao akavunja kipande akakinusa, akanipa na mimi ninuse, hakina harufu yoyote, wakaanza kushangilia.

Ila ubunifu wao hasa upo kwenye ubao. Mkaa ukichoka hauna dalili, maji yanaonekana yaleyale, ladha ileile, familia inaendelea kunywa floraidi ikijua iko salama. Basi wao wametoboa ubao matundu, kuna kijiti kimefungwa kamba, kila ukichuja ndoo moja unasogeza kijiti tundu moja, kikifika mwisho unabadilisha mkaa. Bibi asiyejua kusoma anautumia bila kuuliza mtu. Sasa matundu yawe mangapi inategemea kisima, kwa hiyo kila kisima lazima kipimwe, na hapo ndipo hela nyingi ya mwaka ilipoenda.

Najua baadhi yenu mlilalamika kwenye grupu kwamba tunalipia makaratasi ya maabara badala ya kununua vifaa. Nawaelewa ila sikubali. Bila kipimo tungekuwa tunagawa matumaini kwenye ndoo. Majibu ya mwisho yametoka, maji yaliyopita kwenye mkaa ule yameshuka chini ya 1.5, na siku nilipowasomea wale mabinti walinyamaza kwanza ndo wakaanza kulia.

Tuna mfano hapahapa kwetu, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, chujio lake la mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, lilishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chujio lile linarekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Nataka vijana wetu waige hilo zaidi ya tuzo.

Kwenye kazi nyingine, ya mkaa mbadala wa kupikia wa pumba za mpunga na uji wa muhogo, tumekwama. Masika haukauki, na fundi mmoja alichukua advansi ya mashine akapotea miezi miwili. Hatuiachi, serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 na sisi huku bado tunakata miti.

Hesabu zote mweka hazina atazisoma kwenye mkutano. Ombi langu kwa walimu, kijana akimaliza shule tuachieni namba ya mzazi wake ili kazi isife. Ndoo za majaribio ziko kwangu, nyumba zenye maji ya kisima ndo zianze, njooni Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi na kila mtu aje na chupa ya maji ya kwake. Mwenye ndugu mwenye bucha aniambie pia, mifupa imetuishia.