Mama mdogo, nyumba yetu inalowa

Mama mdogo, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniuliza hali ya nyumba, nikakujibu tu kwamba ipo. Sikukwambia kweli, na jambo hilo limeninyima usingizi. Naandika hapa hadharani kwa kuwa majirani wanalilia hayohayo, na barua tunazopeleka ofisini kwa wenye nyumba zinagongwa muhuri, basi.

Unamkumbuka yule mzee mlinzi aliyekuwa akipanda juu ya paa kila Septemba, kabla ya vuli, kuzoa majani kwenye gata, ile mifereji ya maji ya paa? Tangu astaafu hakuna aliyepanda. Gata zimeziba, maji yanarudi ukutani, na mengine yote yameanzia hapo. Maji yakishapenya kwenye zege, nondo hupata kutu. Ikipata kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Ile baraza ya juu ulipokuwa ukianika dagaa, sasa nondo zimetoka nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mwezi uliopita kipande cha zege kikubwa kama mkate kilianguka pale watoto wanapochezea. Walikuwa wameitwa kula dakika ileile. Nilikiokota mwenyewe. Kilikuwa kimelowa, na kutu yake ikaniachia wekundu kiganjani.

Wenye nyumba wamekuja mara moja tu, mama. Wakapaka rangi upande unaotazama barabara.

Chemba ya nyuma nayo inafurika kila mvua ikinyesha. Uchafu ule unashuka na mtaro hadi Mto Mirongo hapa Mwanza, na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria, ziwa hilohilo ambalo mji unavuta maji ya kunywa pale Capri Point. Kwa hiyo mtu wa mtaa mwingine asidhani haya ni yetu peke yetu.

Kodi tunalipa, risiti ninazo zote. Nilipofuatilia nikaambiwa matengenezo ni juu ya mpangaji. Balbu na kitasa, sawa, ni vyangu. Lakini paa? Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inamwekea aliyepangisha sehemu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia zinazotumiwa na wote. Nimekisoma kifungu hicho mara tatu ili nisije nikasema uongo mbele ya watu.

Sasa nina ombi. Mkataba wako wa kwanza, ule uliokuwa ukiuweka kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, bado unao? Wapangaji tunakutana Jumapili baada ya ibada, na tunataka kuipeleka mikataba yote kwa pamoja, ya zamani na ya sasa. Tafadhali utume kwa basi, uufunge vizuri kwenye nailoni. Nitaufuata mwenyewe stendi ya Nyegezi.