Tupime maji kwanza, bakteria baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu bakteria wanaosafisha maji ya ardhini yenye urani (madini yenye mionzi). Uwezo huo upo kweli. Kule Rifle, Colorado, nchini Marekani, watafiti waliingiza ardhini asetati, chumvi ya asidi ya siki ambayo bakteria huila. Bakteria wa jamii ya Geobacter wakaongezeka, na urani iliyoyeyuka ikageuka chembe ngumu zisizosafiri kirahisi na maji.

Ila makala imepita juu juu kwenye jambo kubwa, yaani vitu vingine vilivyomo majini. Kalsiamu na kabonati hujifunga na urani, bakteria wakapata taabu kuibadilisha. Naitreti, chumvi ya nitrojeni, nayo huweza kuiyeyusha upya urani iliyokwisha kutulia. Na urani ya Manyoni, kwa jirani zetu wa Singida, imo kwenye tabaka za chokaa, yaani kalsiamu na kabonati hizohizo, kitu kilekile kinachoacha ukoko mweupe ndani ya birika.

Nashauri Tume ya Nguvu za Atomiki na Wizara ya Maji wapime kalsiamu, kabonati, naitreti na chuma visimani kabla mgodi wowote wa urani haujaanza. Majibu yabandikwe ofisi za vijiji, kwa Kiswahili (si ripoti nene ya kufungiwa kabatini).

Msomaji wenu,
Tabora