Mkopo wa mwanafunzi wa udaktari, tawi la benki lisichaguliwe kwa ukaribu

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi wenzangu wenye watoto wanaosomea udaktari hapa Dar, na wenye mabenki pia wasikie, maana hili jambo limenitoa machozi na sitaki limkute mwingine.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mbagala, binti yangu yuko mwaka wa tatu wa MD, yaani shahada ya udaktari, kwenye chuo kimoja cha binafsi. Bodi ya Mikopo inamlipia sehemu ya ada na bumu, yaani hela ya kujikimu, anapata, lakini kuna milioni 3.6 kila mwaka ni juu yangu mimi. Alipofika mwaka wa pili nikasema niende benki mshahara wangu unakopitia, nikaenda tawi la karibu na nyumbani, na sababu ilikuwa hiyo hiyo ya ukaribu, nashuka kwenye daladala natembea dakika tano nimefika.

Afisa mikopo alikuwa kijana mpole tu, simlaumu kwa roho mbaya. Ila pale amezoea wafanyabiashara wa sokoni, mtu anakopa leo anauza anarudisha. Akaniuliza mtoto anamaliza lini, nikamwambia bado miaka minne, akashangaa kweli kweli, nikaanza kumuelezea kwamba MD ni miaka 5 na baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa intani, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Akajaza mkopo mmoja wa ada ya miaka yote iliyobaki, niichukue yote kwa mpigo na makato yaanze mwezi unaofuata. Salari slipu yangu hakuisoma vizuri. Mimi mwenyewe bado nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurudisha mkopo wangu wa Bodi, halafu mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa mpaka abaki na chini ya theluthi moja ya mshahara, sasa ule mkopo ungepita wapi? Fomu zikaenda makao makuu, wiki tatu kimya, zikarudi zimekataliwa, na mtihani wa semista ulikuwa umebaki siku tisa na binti hajapewa kadi ya mtihani kwa sababu ya deni la ada. Nikakopa mtaani kwa riba ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia uchungu.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa marehemu kaka yangu, yeye kazaliwa Kanada na anasoma udaktari huko huko Toronto. Kule benki kubwa kama Scotiabank na RBC zina mkopo wa wanafunzi wa udaktari peke yao. Mwanafunzi hapewi hela yote mkononi, anawekewa kikomo, na hicho kikomo kinafika dola za kule 350,000 na hata zaidi, anachota pale anapohitaji na riba inahesabiwa kwa alichochota tu. Akiwa chuoni, na hata akiwa kwenye mafunzo ya ubingwa, analipa riba tu, deni lenyewe linaanza kulipwa baadaye. Sasa yeye akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, kwamba hata baada ya kuchagua benki bado alihangaika kuchagua tawi. Tawi la karibu na anapoishi walikuwa hawajawahi kufungua faili la aina ile, wakaanza kumwambia alete mdhamini asiyehitajika. Akaenda tawi la jirani na kitivo cha udaktari, afisa wa pale kila mwaka anapokea wanafunzi hao hao, akamaliza shughuli yake bila kuzungushwa.

Nikasema ngoja nijaribu na mimi. Jumatatu moja nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda daladala mpaka Kariakoo, nikachukua bajaji mpaka Upanga, benki ile ile yangu. Dada wa mikopo niliyemkuta aliniuliza, "Mama, mtoto yuko mwaka wa ngapi, ameshaanza kuingia wodini?" Jamani nilitaka kulia pale pale. Akachukua salari slipu akahesabu makato yote kwanza kabla hajagusa fomu, akaniambia mkopo mkubwa hautapita, akaniandikia ovadrafti, yaani ruhusa ya kuchota kwenye akaunti zaidi ya kilichomo, yenye kikomo cha milioni 3.6 ambayo kila mwaka tunaipitia upya. Nachukua milioni 1.8 chuo kinapofungua, semista ya pili nachukua nyingine, mshahara ukiingia deni linapungua.

Wazazi tupige hesabu hapa kidogo. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Ukichukua milioni 3.6 yote Oktoba, wakati nusu yake utaihitaji Machi, ile nusu inakaa miezi mitano inakula riba bure, hiyo ni shilingi 112,500. Kwa mshahara wa mwalimu hiyo ni hela ya kulisha watu nyumbani.

Kwa hiyo mzazi ukifika tawini muulize afisa ameshawahi kushika faili la mwanafunzi wa udaktari, na maombi yanapitishwa pale pale au yanasafiri, na yanachukua siku ngapi. Jina la afisa wa pili chukua pia, maana hawa watu wanahamishwa, yule dada wangu tayari yuko Mwanza na kama asingenikabidhi kwa mwenzake ningeanza moja. Na fomu za Kiingereza kitupu usisaini kwa aibu. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinataka uelezwe masharti na gharama zote kabla, kwa hiyo mwambie akusomee mpaka uelewe, foleni nyuma yako itasubiri.

Kwa mabenki ombi langu ni hili. Vyuo vya udaktari vipo, Upanga kuna MUHAS, Mikocheni kuna Kairuki, Gongo la Mboto kuna KIUT, na matawi mnayo huko huko. Wekeni pale mtu mmoja anayeijua kalenda ya hawa watoto, anayejua ada inadaiwa lini na mtihani ni lini na posho ya intani inaanza lini, na kile alichoniandikia yule dada kiwe kwenye mabango yenu kila tawi, mpaka Mbagala, mzazi asikipate kwa bahati. Mkifanya hivyo kabla ya Oktoba vyuo havijafungua, kuna watoto mwaka huu hawatazuiliwa mtihani.

Mama wa mwanafunzi,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam