Ruhusa ya 777 si tiba ya tovuti iliyokwama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaotunza tovuti za shule, vyama vya ushirika na maduka madogo, na hasa kampuni zinazowakodishia seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, kuhusu ushauri ambao nimeusikia mara nyingi mno: picha ikikataa kupanda kwenye tovuti, folda ipewe ruhusa ya 777, namba inayoeleza nani anaweza kufanya nini na folda hiyo.

Tarakimu ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ni ya kundi lake, na ya tatu ni ya watumiaji wengine wote wa seva. Kila moja ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuendesha. Anayeweka 777 ameruhusu kila akaunti iliyomo kwenye seva hiyo kuandika ndani ya folda yake, na seva ya kukodi huwa na wapangaji wengi.

Tovuti ya shule niliyokuwa nikiitunza ilifunguliwa hivyo kwa maelekezo ya fundi wa waliotukodisha. Asubuhi moja nilikuta katika folda ya picha skripti (programu ndogo) ya lugha ya PHP ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiweka, ikituma barua pepe za utapeli kwa jina la shule, na ikanibidi kuwaeleza wazazi. Iliniuma sana.

Iliniuma zaidi kwa sababu tatizo lilikuwa la umiliki tangu mwanzo. Kwenye seva zenye mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu, Apache, programu inayowatolea wasomaji kurasa za tovuti, hufanya kazi kwa jina la mtumiaji www-data, ilhali mafaili tunayopandisha wenyewe ni mali ya akaunti zetu; ndiyo maana skripti inashindwa kuandika katika folda yetu, na faili ambalo skripti yenyewe imeliunda, sisi hatuwezi kulihariri. Mmiliki akishakuwa sahihi, 755 hutosha kwa folda na 644 kwa mafaili, na lile lenye nywila ya hifadhidata hubanwa zaidi.

Lakini amri ya chown, inayobadili mmiliki, iko mikononi mwa msimamizi mkuu wa seva, si mpangaji. Kampuni ndizo zenye uwezo wa kuipanga PHP-FPM, programu inayoendesha skripti za PHP, ili skripti za kila tovuti ziendeshwe kwa akaunti ya mwenye tovuti, na jambo hili linawezekana leo. Ambazo hazijafanya hivyo zifanye, na mafundi wao wasimtajie mteja 777 kabla ya kutazama faili ni la nani.

Msomaji wako,
Morogoro